Taulo ngumu, maji laini: kosa nililofanya Lushoto

Nilifika nyumbani Lushoto likizo ya mwezi wa saba nikitokea Dodoma, ambako nasoma shahada ya pili ya kemia. Mama ana vyumba vitatu anavyopangisha wageni wanaokuja kutembea milimani, wale wanaopanda msitu wa Magamba au wanaokwenda Irente kuitazama nyika kwa juu. Sio hoteli. Ni vyumba tu, chai ya asubuhi, na taulo tisa nyeupe ambazo alizinunua kwa pesa ya kikoba na anazipenda kama watoto.

Wiki ile mgeni mmoja alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba kila kitu kilikuwa kizuri, ila taulo zinakwaruza. Mama akanionyesha lile neno kwa kidole, hata salamu hatujamaliza.

"Wewe ndo msomi wetu. Haya, niambie hizi taulo zina nini."

Nilishika moja. Ilikuwa imekauka kama ubao, ukiikunja inabaki na alama ya mkunjo. Nikajibu palepale, bila kufikiri, "Maji magumu hayo, mama." Kwani taulo zangu za Dodoma si ziko hivyohivyo? Nikamwandikia dawa: siki kwenye maji ya mwisho, sabuni ya unga aongeze, na ile dawa ya kulainishia nguo ambayo wengi wetu tunaiita Downy hata kama chapa ni nyingine. Mama akanunua vyote. Nikarudi chuo.

Mwezi wa tisa akanipigia. Taulo bado zinakwaruza, na sasa zina tatizo la pili: hazinyonyi maji. Mgeni anajifuta, maji yanateleza tu mwilini. Alikuwa anapiga hesabu ya kununua taulo nyingine tisa. Kwa vyumba vitatu, hiyo ni pesa ya kuumiza.

Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe linafundisha kemia kuliko jibu sahihi. Kwa hiyo tulifuatilie.

Kwanza, maji magumu ni nini

Hii ni mada ya Kidato cha Tatu, angalau kwenye muhtasari niliosomea mimi, na wengi tuliikariri tukapita. Maji magumu ni maji yaliyobeba ioni nyingi za kalsiamu na magnesiamu. Mvua inaposhuka huwa haina karibu chochote. Ikipita hewani na kwenye udongo hunyonya hewa ukaa na kuwa na uchachu kidogo sana, na uchachu huo unatosha kuyeyusha mawe ya chokaa taratibu. Maji yakikaa ardhini muda mrefu kwenye mawe ya namna hiyo, yanatoka kisimani yakiwa yamebeba jiwe. Hulioni kwa sababu limeyeyuka. Utaliona kwenye birika, ule ukoko mweupe unaoganda chini.

Maabara hupima ugumu kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa kila lita. Mgawanyo unaotumika sana ni huu: hadi 60 ni maji laini, 61 hadi 120 yana ugumu wa kiasi, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Kiafya hakuna la kuogopa. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya afya. Adui wa maji magumu ni sabuni.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hushangaa. Chukua kisima chenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita. Hizo ni milimoli 3 za kalsiamu katika kila lita. Kila ioni moja ya kalsiamu inakamata molekuli mbili za sabuni na kuzigeuza kuwa kitu kisichoyeyuka majini, ule utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni. Kwa hiyo lita moja ya maji hayo inameza milimoli 6 za sabuni, ambazo ni karibu gramu 1.8. Ndoo ya lita 20 inameza gramu 36 za sabuni halisi kabla hujaona povu hata moja. Na mche wa dukani una maji ndani yake, kwa hiyo unaoukata ni mkubwa zaidi ya hapo. Ukifua kwa ndoo tatu, zote zinadai haki yao.

Lakini kinachoharibu taulo hasa si maji ya kufulia. Ni maji ya kusuuzia. Taulo iliyokamuliwa kwa mikono bado imebeba maji mengi yenye sabuni katikati ya nyuzi zake. Ukiitumbukiza kwenye ndoo mpya ya maji magumu, sabuni iliyobaki inakutana na kalsiamu mpya, na ule utando unatokea humo humo ndani ya nyuzi, mahali ambapo hakuna mkono unaoweza kuutoa. Unafua leo, unafua kesho, kila mara unaongeza tabaka. Baada ya miezi taulo inakuwa nzito, nyeupe inakuwa kijivu, na inakwaruza.

Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nayo kichwani nilipomjibu mama. Ni picha ya kweli. Tatizo ni kwamba ni picha ya Dodoma.

Maji ya wapi?

Dodoma ni nchi kavu. Kwa mwaka hupata mvua ya milimita kama 570 tu, jua kali, na kwa miaka mingi jiji limetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora. Maji yakikaa ardhini kwenye nchi ya namna hiyo, na mengine yakipotea kwa mvuke, madini yanabaki na kujikusanya. Watu wa kule husema "maji ya chumvi" kwa kila kitu, lakini hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. Chumvi ya kawaida ndiyo inayoleta ladha mdomoni. Kalsiamu na magnesiamu ndizo zinazoua sabuni. Kisima kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili, au kimoja bila kingine. Ulimi haukuambii ugumu wa maji.

Usambara ni hadithi nyingine kabisa. Milima ile ni bonge la ardhi lililoinuliwa kwenye nyufa, na mawe yake kwa sehemu kubwa ni naisi, yaani mawe makongwe yaliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Naisi haiyeyuki kirahisi kama chokaa. Halafu mvua. Lushoto mjini hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, na Amani, upande wa Usambara Mashariki, karibu milimita 2,000. Mvua nyingi, mawe magumu kuyeyuka, vijito vinavyotiririka haraka kutoka msituni: maji yanafika bombani hayajapata muda wa kuokota kitu. Yaani mawe ni magumu, na kwa sababu hiyohiyo maji ni laini.

Jirani zetu wa Tanga wana mfano mzuri zaidi, maana wanaishi na maji ya aina mbili kwenye mji mmoja. Maji ya bomba la Tanga yanatoka Bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, na Zigi unaanzia huku kwetu milimani, misitu ya Amani. Lakini chini ya mji na pembeni yake kuna mawe ya chokaa, yale ya matumbawe kando ya bahari na yale ya zamani zaidi, ya enzi za Jurasiki, ambayo maji yaliyachimba hadi yakatokea mapango ya Amboni. Fikiria hilo kidogo: pango lote lile ni jiwe lililoyeyuka likaondoka na maji. Sasa mtu anayechota kwenye kisima kilichochimbwa kwenye mawe kama hayo ataraji nini kwenye beseni lake? Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja ina bomba na nyingine ina kisima, zinaweza kuhitaji ushauri tofauti kabisa wa kufua.

Mimi nilimpa mama ushauri wa kisima bila hata kuuliza maji yanatoka wapi. Na nimezaliwa pale!

Jaribio la chupa

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi na chupa ya maji ya Dodoma kwenye begi. Jaribio hili unaweza kulifanya wewe mwenyewe leo, halina gharama.

Chukua chupa tatu za plastiki za nusu lita, zinazofanana, zisafishe vizuri zisiwe na mabaki ya sabuni. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya bomba lako, ya tatu maji ya kisima au ya sehemu nyingine unayotaka kulinganisha. Usijaze, fika nusu. Kwangua sabuni ya mche kwa kisu, tia kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kwenye kila chupa, funga, tikisa kwa nusu dakika, uache zikae. Tumia mche, usitumie sabuni ya unga, kwa sababu unga umetengenezwa makusudi ili usishindwe na maji magumu, na utakudanganya.

Chupa ya mvua ilijaa povu zito. Chupa ya Lushoto ikajaa povu hilohilo, sikuweza kuzitofautisha kwa macho. Ya Dodoma ilitoa povu jembamba lililokufa mara moja, na maji yakawa meupe kama yamechanganywa na maziwa, yana vinyuzi vinavyoelea. Mama akaangalia zote tatu, akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo ile siki nilinunua ya nini?"

Swali zuri. Na kubwa zaidi nyuma yake: kama maji ni laini, taulo zimekakamaa kwa nini?

Wakosaji wawili ambao si chokaa

Wa kwanza nilimleta mwenyewe. Kwenye maji laini sabuni haina adui wa kuimeza, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha. Mimi nilimwambia mama aongeze. Unga wa kufulia hautoki wenyewe kwenye pamba. Maji ya Lushoto mwezi wa saba ni ya baridi ya kuumiza vidole, na unga kwenye maji baridi hauyeyuki vizuri, vipande vyake vidogo vinajificha kwenye vitanzi vya taulo. Mama alikuwa anasuuza mara moja tu, nani atakaa na mikono kwenye maji yale mara tatu? Mabaki yakikauka, yanagandisha nyuzi.

Kulithibitisha ni rahisi. Chukua taulo kavu, "safi", itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na sabuni yoyote, ikandekande. Maji yakitoa povu, hiyo taulo haikusuuzwa. Taulo ya mama ilitoa povu la kutosha kufulia soksi.

Halafu juu ya mabaki hayo, nilimwambia aongeze dawa ya kulainisha. Dawa hizi hufanya kazi kwa kuacha tabaka jembamba lenye asili ya mafuta juu ya uzi. Upande mmoja wa molekuli yake una chaji chanya unaong'ang'ania pamba, upande wa pili ni mkia wa mafuta unaotazama nje. Mkono unahisi ulaini. Lakini mafuta na maji hawapatani, na kazi ya taulo ni kunyonya maji. Ukiweka kidogo mara mojamoja sio mbaya; ukiweka kila ufuaji unapata taulo laini isiyofuta, na mama hata ulaini hakuupata.

Mkosaji wa pili ndiye aliyenivutia zaidi, kwa sababu yupo hata ukisuuza mara kumi kwa maji safi kabisa. Ni maji yenyewe.

Pamba ni selulosi, na selulosi inapenda maji sana. Taulo unayoiita kavu bado ina maji kidogo yaliyoshikamana na uso wa kila uzi, hayatoki kwa kuanika. Watafiti wa kampuni ya Kao na Chuo Kikuu cha Hokkaido nchini Japani walichapisha mwaka 2020 kazi ambayo walichunguza uso wa pamba kwa hadubini ya nguvu ya atomu, na wakaona dalili kwamba maji hayo yaliyofungwa yana tabia tofauti na maji ya kawaida. Maelezo yao ni kwamba maji haya yanafanya kazi kama gundi: uzi mmoja unapogusana na mwingine wakati taulo inakauka imetulia, ile filamu ya maji inaunda daraja kati yao kwa vifungo vya haidrojeni. Daraja moja ni dhaifu sana. Madaraja mengi, taulo nzima, unapata ubao.

Na hapo ndipo unapoelewa kwa nini taulo iliyokaushwa kwenye mashine inayozunguka inatoka laini. Watu hudhani ni joto. Sehemu kubwa ni mtikisiko: nyuzi hazipewi nafasi ya kutulia pamoja wakati zinakauka. Kamba yenye upepo inasaidia kwa namna hiyohiyo. Sasa njoo Lushoto mwezi wa saba, ukungu umelala hadi saa nne asubuhi, hakuna upepo, mama kaanika taulo ndani kwenye korido kwa siku mbili bila kuzigusa. Huwezi kutengeneza mazingira mazuri zaidi ya kuzigandisha.

Tulikata taulo moja

Nilichokosea mwanzo sio kemia tu, ni utaratibu. Nilimwambia mama abadilishe vitu vitatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata kama taulo zingelainika tusingejua ni kipi kilichosaidia. Msimamizi wangu angenitimua. Safari hii tukachukua taulo kuukuu, mama akaikata vipande vinne kwa mkasi huku akisikitika, na nikaviwekea alama kwa uzi wa rangi.

Cha kwanza tulifua kama alivyozoea, unga mwingi, suuza moja, anika ndani. Cha pili unga mwingi, suuza moja, lakini kukung'uta sana kabla ya kuanika na tena kikiwa nusu kavu. Cha tatu unga kidogo, suuza tatu, anika ndani bila kukigusa. Cha nne unga kidogo, suuza tatu, kukung'uta, kuanika nje jua lilipotoka. Kisha mama akavishika huku amefumba macho, maana yeye hakuwa na nadharia ya kutetea.

Cha kwanza alikitambua mara moja, ni kile cha kukwaruza. Cha nne pia alikitambua, akasema "hiki ndo taulo." Vya katikati alivichanganya. Hilo ni jaribio la jikoni, la familia moja na kipande kimoja kimoja, usilipeleke kwenye jarida. Lakini kwa nyumba yetu lilitosha: kusuuza peke yake hakutoshi, kukung'uta peke yake hakutoshi, na siki haikuwepo popote.

Kuna njia ya kutofautisha hata bila kukata taulo. Chukua iliyokakamaa, ipekeche kwa mikono miwili kama unavyopekecha nguo kuondoa tope kavu, mara kumi au kumi na tano. Ikilainika vizuri na ikawa inanyonya maji, tatizo lako kubwa ni yale madaraja, na dawa ni mkono na upepo. Ikibaki ngumu na nzito, kuna kitu kimeganda ndani: utando wa chokaa au mabaki ya sabuni. Lile jaribio la maji ya uvuguvugu litakuambia kama ni sabuni, na chupa itakuambia kuhusu chokaa.

Na usipige taulo pasi kwa kudhani utailainisha. Unalaza vile vitanzi vyake, na vitanzi ndiyo taulo.

Kama maji yako ni magumu kweli

Sasa wewe uliyetikisa chupa ukaona maziwa. Ushauri wa mama haukuhusu, wako ni huu.

Kuchemsha kunasaidia, ila kwa sehemu. Ugumu unaotokana na baikaboneti unaondoka maji yakichemka, kalsiamu inaganda kuwa ule ukoko wa birika. Ugumu unaotokana na salfeti na kloridi haubanduki kwa moto. Na hata hivyo, kuchemsha ndoo tatu za maji kwa mkaa ili kufua taulo mimi siwezi kumshauri mtu.

Njia ya bei nafuu iko sokoni tayari, tena kwenye meza ya muuza maharage: magadi. Yale magadi ya mawe, kama ya Ziwa Natron, ni mchanganyiko wa sodiamu kaboneti na sodiamu baikaboneti. Kaboneti inaikamata kalsiamu kabla sabuni haijafika na kuigandisha kuwa unga mweupe wa chokaa. Kwa ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa 300, kijiko cha chakula kimoja cha magadi yaliyosagwa kinakaribia kutosha. Yayeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, chuja kwa kitambaa kwa sababu yana mchanga na uchafu, mimina kwenye ndoo, koroga, uache itulie hata saa moja. Unga unakaa chini. Tumia maji ya juu. Bibi zetu walipata kitu cha ukoo huohuo kwa kuchuja maji kwenye majivu, ila kaboneti ya majivu ni ya potasiamu zaidi. Magadi yanakausha ngozi ya mikono, kwa hiyo usiyazidishe. (Kwenye chakula ni habari nyingine, magadi mengi ya kaskazini yana floraidi nyingi. Kwenye beseni hayana shida hiyo.)

Ukiwa na maji ya mvua kidogo, usiyamalize kwenye kufua. Yaweke kwa suuza ya kwanza, ile inayokutana na sabuni nyingi zaidi. Ndiyo suuza ambayo utando unazaliwa. Watu wengi hufanya kinyume, wanahifadhi maji mazuri kwa mwisho, wakati mambo yameshaharibika.

Tumia sabuni ya unga badala ya mche kwa taulo. Sio matangazo. Sabuni hizi za kutengenezwa viwandani hazigandi na kalsiamu kirahisi kama sabuni ya mafuta, na huwa zimechanganywa na kemikali ya kuikamata. Tide, ya Procter & Gamble ya Marekani, iliingia sokoni mwaka 1946 ikiwa na fosfeti kwa kazi hiyo. Baadaye nchi nyingi zilizibana fosfeti kwa kuwa zinarutubisha mwani kwenye maziwa na mito.

Na siki? Hapa ndipo mahali pake. Taulo iliyokwisha kuganda utando, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu lita 10 yenye kikombe kimoja cha siki, nusu saa hadi saa nzima. Asidi inayeyusha chokaa na kuuvunja utando, lakini ukivunjika unaacha mafuta yake kwenye nyuzi, kwa hiyo lazima ufue tena kwa unga kidogo na maji ya uvuguvugu, usuuze. Watu huruka hatua hii ya pili halafu wanasema siki haifanyi kazi. Ndimu pia inafaa, tena asidi yake ina tabia ya kuishikilia kalsiamu. Onyo moja tu la kweli: siki au ndimu isikutane kamwe na jiki au dawa yoyote ya klorini. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na bafu la kufulia huwa dogo na halina hewa.

Taulo tisa za mama hazikubadilishwa. Ilibidi zifuliwe mara nne mfululizo kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni hadi povu likaisha, na zile zilizokuwa na tabaka la dawa ya kulainisha zilichukua muda zaidi kuanza kunyonya tena. Unga sasa anaupima kwa kijiko cha chakula, sio kwa jicho. Ukungu ukiwepo anaanika chini ya paa la veranda, na mtoto wa jirani ana kazi yake ya asubuhi ya kuzikung'uta zikiwa nusu kavu, kazi anayoipenda kuliko zote kwa sababu inatoa mlio.

Mimi nilimletea taulo yangu moja ya Dodoma tuone. Ililowekwa kwenye ile siki iliyokuwa imebaki, ikafuliwa, ikasuuzwa kwa maji ya bomba la Lushoto. Ilihitaji kulowekwa mara mbili ndipo tone la maji likaanza kuzama badala ya kukaa juu.